Sydney Ndiyo Husema Kwanza

Balthazar alikuwa mbele ya kioo cha bafuni, juu amevaa shati jeupe na koti, chini suruali ya mazoezi, kwa kuwa kwenye kompyuta watu humwona mtu mpaka kifuani tu. Mkewe, Généreuse, alipita na beseni la nguo mbichi akamwona, na hakucheka. Mwaka uliotangulia angecheka mpaka akae chini.

"Mama Clarisse, tai hii ao ile ya bleu?"

"Hiyo iko muzuri."

"Hata hujaangalia."

"Niliangalia."

Généreuse akatoka hadi roshani kuanika. Chini, mtaa wao wa Merrylands ulikuwa kimya kama nyumba iliyotoka kuzika. Ilikuwa Agosti, baridi kavu, mwaka ule wa pili wa korona, wakati magharibi yote ya Sydney ilifungwa na mtu hatoki ila kwa kazi, dawa au chakula. Gari la polisi lilikuwa linazunguka polepole, likipunguza mwendo kila lilipomkuta mtu amebeba mfuko, kana kwamba mfuko ndio kosa.

Alipokuwa akibana nguo, midomo yake ilikuwa inacheza. Mtu angedhani anasali. Alikuwa anajizoeza kutamka neno moja.

Siku hiyo Chama cha Mapambazuko kilikuwa na mkutano mkuu wa taifa, wa wanachama wote walioko Australia, kuteua mtu mmoja ambaye jina lake litapelekwa Bukavu akagombee ubunge. Chama chenyewe ni kidogo, cha watu waliokimbia Kongo ya mashariki, wengi wao kazi yao ni kuosha wazee na kupakia makontena, lakini mambo yao huyafanya kwa utaratibu kuliko serikali nyingi. Kila jimbo lina wajumbe wake na msemaji wake. Mwenyekiti husoma jina la mgombea, majimbo hujibu moja baada ya jingine, na jina likikubaliwa na majimbo manne kati ya sita, basi, kikao kimekwisha. Majina mengine hayasomwi.

Na New South Wales ndiyo hujibu kwanza. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo. Chama kilianzia kwenye ukumbi wa kanisa hapohapo Merrylands, wanachama wengi wako hapo, na watu wa Bukavu wakiwa na neno hulileta hapo. Wao wenyewe jimbo zima huliita Sydney tu. Tangu mkutano wa kwanza, anayekubaliwa na Sydney ndiye hupita. Adelaide huwatazama Sydney, Perth huwatazama Adelaide, na Tasmania, ambayo ni familia mbili na bwana mmoja asiye na mke, husema "na sisi vilevile" kabla hawajaulizwa. Melbourne tu ndio hubisha, na hubisha kwa sababu wao ni Melbourne.

Mwaka huo msemaji wa Sydney alikuwa Généreuse. Haikuwa kazi yake. Yeye alikuwa mwandishi wa jimbo, wa kuandika nani kafika na nani kaomba radhi. Lakini mwenyekiti wao, mzee Akilimali, alikuwa hospitalini na mipira ya hewa puani, na wajumbe wakasema basi Mama Clarisse atusemee, ana sauti ya wazi na hajui uongo.

Kabla ya hapo wajumbe wa Sydney walikuwa wamekutana kwa simu, bila Balthazar, kwani mgombea haketi kwenye kikao kinachomjadili. Généreuse aliomba naye atoke. Wakamkatalia. Aliyeongea zaidi alikuwa Mama Chibalonza wa Doonside, mwanamke mzima aliyewaoza nusu ya vijana wa chama.

"Balthazar tunamupenda," alisema. "Ni mwalimu, kinywa anacho. Lakini tukimutuma kule tutarudishiwa sanduku. Ile nyonga yake nani aliivunja? Si ni bale bale bakubwa ba kule? Na bako pale, tena bamepandishwa vyeo. Atuzeekee hapa. Tuchukue Murhula wa Melbourne. Ule ni kijana, hana muke, na kule hakuna anayemujua sura."

Wote wakakubali. Généreuse aliinamisha kichwa mbele ya simu akamshukuru Mungu kimoyomoyo, na papo hapo akaona haya kwa kushukuru.

"Na usimuambie," Mama Chibalonza akamalizia. "Mpaka siku yenyewe. Ukimuambia atatupigia wote, mumoja mumoja, na ule mwanaume akianza kusema, tutalainika."

Kwa hiyo Généreuse alilala na Balthazar kitanda kimoja, amebeba jambo hilo kifuani, na mumewe akimsomea hotuba yake gizani kwa sauti ya chini ili mtoto asiamke.

Tatizo lilikuwa neno. Utaratibu wa chama ni kujibu "tunamchukua" au "hatumtaki". Mke atasemaje mbele ya majimbo sita, mumewe anasikiliza, kwamba hatumtaki? Aliligeuza kichwani akiwa kazini, akiwalisha wazee uji na kuwafuta midomo, na mwishowe akapata neno laini la nyumbani. Kwao Bukavu, watu wakimzonga mtu kwa maneno unawaambia, "Mumuachie huyo," yaani achaneni naye, apumue. Tunamuachia Balthazar. Hakuna tusi humo. Ni kama kumfunika mtu shuka.

* * *

Mezani Balthazar hakula. Alikunywa chai amesimama, asilikunje koti.

"Leo hakuna Baz," alisema.

Baz ndilo jina alilopewa kwenye ghala la Villawood, alikokuwa akifunga maboksi. Alikuwa amefundisha historia sekondari miaka mingi, watoto wakisimama anapoingia. Msimamizi wake wa sasa, kijana ambaye ndevu bado zinamjaribu, alijaribu jina lake siku ya kwanza, likamshinda, akasema basi wewe ni Baz. Korona ilipokuja zamu zilipunguzwa, na yule kijana akamwandikia kwenye simu: Not today Baz. Siku nyingine hakuandika chochote. Balthazar alikaa amevaa viatu vya kazi sebuleni mpaka saa sita mchana, halafu akavivua.

"Clarisse," alimwambia binti yake, aliyekuwa mwaka wa mwisho wa sekondari na akisomea mezani hapo tangu shule zifungwe. "Unajua leo babako ataitwa nani?"

"Late," alisema Clarisse, bila kuinua kichwa. Kiswahili alikisikia chote, lakini kukijibu alikijibu kwa Kiingereza.

Balthazar akacheka, kwa mara ya kwanza tangu wiki ianze. Généreuse akakusanya vikombe.

"Na ukipita?" aliuliza akiwa amewapa mgongo.

"Nikipita, mipaka ikifunguliwa tu, nakwenda."

"Na sisi?"

"Mutanifuata."

"Tukufuate wapi? Kule ulikotolewa kwa machela?"

"Hapa vilevile nazikwa, Mama Clarisse. Ila banaweka udongo polepole."

Généreuse aliviosha vikombe, na kimoja akakiosha mara mbili.

* * *

Généreuse aliingia chumbani na kompyuta ya shule ya Clarisse, akaiweka juu ya meza ya pasi. Balthazar alibaki sebuleni na simu, ameiegemeza kwenye kopo la sukari, Clarisse kando yake wa kumsaidia mitambo. Ukuta mwembamba uliwatenganisha. Alimsikia akisafisha koo.

Mwenyekiti wa mkutano alikuwa Brisbane, bwana mmoja aitwaye Gad, nadhifu, miwani mizuri. Kule Queensland hakukuwa na kufungiwa, kwa hiyo walikuwa wamekaa ukumbini kama zamani, soda mezani, watoto wakikimbia nyuma ya viti. Sydney, ambao ndio wenye ukumbi wa kwanza, walikuwa kila mmoja kwenye kidirisha chake kama picha za kitambulisho. Gad alifunga sauti za watu wote isipokuwa msemaji wa jimbo lililoitwa, kuepusha kelele. Zamani msemaji wa Sydney akiteleza ulimi, ukumbi mzima ungemrukia: hapana, hapana, hatukusema vile! Sasa kila mtu alikuwa na mdomo usiotoa sauti.

Waliomba. Wakasimama dakika moja kwa ajili ya waliokufa, huko na huku. Kisha Gad akasoma jina la kwanza, na kwa kuwa yalifuata alfabeti, la kwanza lilikuwa la Balthazar. Sydney wakaitwa.

Généreuse alifungua sauti. "Bwana mwenyekiti, sisi Sydney tulikaa, tukaongea vizuri na kwa upendo. Tunamuachia Balthazar."

Lilitoka sawasawa, kama alivyolianika pamoja na nguo. Upande wa pili wa ukuta hakukusikika kitu.

Sasa, Gad alizaliwa Fizi, lakini alivuka ziwa mgongoni kwa mama yake, akakulia kambini Nyarugusu, kwa walimu wa Kigoma na redio za Dar es Salaam. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kwenye habari. Kwake yeye, kumwachia mtu ni kumkabidhi: nakuachia ufunguo, nakuachia nyumba, na Sydney wanamwachia Balthazar kiti.

"Mnamwachia Balthazar," alirudia, akatabasamu. "Umesikika, mama. Na tunajua wewe ni nani kwake. Kumtoa mwenzio kwa ajili ya nchi si jambo dogo." Akaandika. Ukumbi wa Brisbane ukapiga makofi.

Généreuse alidhani wanampa pole kwa ujasiri wa kumkataa mumewe hadharani. Aliinamisha kichwa kuwashukuru. Sauti yake ilikuwa imeshafungwa.

"Queensland?"

"Tunamchukua."

Akashangaa kidogo. Queensland leo wanawapinga Sydney?

"Victoria?"

"Hatumtaki!" wakasema Melbourne, kwa moyo wote.

"South Australia?"

"Tunamchukua," alisema mzee wa Adelaide. "Kama Sydney walivyosema."

Kama Sydney. Hapo ndipo alipoelewa neno lake limefikaje. Alibonyeza kitufe cha sauti, hakikufunguka. Alibonyeza tena. Akainua mkono, akaupunga mbele ya kamera, na Gad akadhani anasalimia, naye akapunga. Kwenye kidirisha kimoja Mama Chibalonza alikuwa ameisogelea simu yake hadi zikaonekana tundu za pua na mdomo uliopanuka, ukisema maneno makubwa yasiyosikika.

"Western Australia?"

"Perth tunamchukua."

Ya nne. "Na sisi vilevile," wakasema Tasmania, ingawa haikuhitajika tena.

Kina mama wa Brisbane wakapiga vigelegele. Gad akatangaza, akafunga kwa sala, na vidirisha vikazimika kimoja kimoja. Jina la Murhula halikusomwa.

Généreuse hakulia. Alikaa mbele ya meza ya pasi. Kwenye kidole chake kulikuwa na gundi ya plasta, ya kidonda cha mzee mmoja aliyemhudumia jana yake, akaanza kuibandua kwa ukucha, polepole, mpaka ikaisha.

* * *

Sebuleni Balthazar alikuwa na simu sikioni na nyingine mkononi. Alipomwona alizikata zote mbili, akamkumbatia kwa nguvu mpaka tai ikamkwaruza shavu.

"Mama Clarisse. Sikutegemea."

"Ulinisikia nilivyosema?"

"Australia nzima imekusikia," alisema. Simu ikaita, akaichukua na kutoka nayo hadi roshani, akisimama katikati ya nguo zinazochuruzika, akisema merci, merci sana, tuombeane.

Clarisse alikuwa amebaki mezani. Alikuwa hasomi.

"Mum," alisema. "When you said it, he took his tie off."

"Alifanya nini?"

Msichana akaonyesha kwa mikono: alivyoilegeza tai, akaivuta kichwani, akaiweka mezani, kisha akakaa na kujifunika macho kwa kiganja. Halafu yule bwana wa Brisbane aliporudia lile neno, watu wakapiga makofi, baba yake alifungua macho akasikiliza. Queensland walipojibu, aliichukua tai. Adelaide walipojibu, akaivaa.

"He knew," alisema Clarisse. "He totally knew."

"Nyamaza kidogo," alisema mama yake, si kwa ukali. Alihitaji tu pawe kimya.

Simu yake ikaita. Mama Chibalonza.

"Généreuse. Miye nilikusikia. Ulisema muzuri kabisa, kama mutu wa kwetu. Nilikuwa napiga kelele peke yangu mu jikoni kama kichaa."

"Sasa tufanye je, mama?"

"Ngoja kwanza nikuambie, usiambiwe na bengine. Kuna banaosema mulipanga. Muke na mume. Kwamba ulichagua neno la kuingia milango mbili."

"Nani anasema?"

"Achana na majina. Bantu bamefungiwa, midomo ndiyo inatembea. Ule mutoto wa Nyarugusu ametuma jina Bukavu ao bado?"

"Alisema jioni."

"Basi mupigie sasa hivi. Si kesho. Mwambie Sydney haikusema vile."

Gad alipokea haraka, bado akiwa na furaha sautini. Généreuse akamweleza. Alieleza mara moja, kwa utulivu, kama anavyowaeleza wauguzi kwamba mgonjwa hakula. Upande wa pili watoto walikuwa wakigombania soda.

"Mama," alisema Gad, "mimi nilisikia ulichosema, nikakirudia mbele ya watu wote. Hukukataa."

"Ulikuwa umenifunga sauti."

"Hilo ni kweli. Lakini neno ni neno. Kiswahili ni kimoja, mama yangu."

"Si kimoja."

"Sasa ona. Nikiuita mkutano tena kwa ajili ya neno, Melbourne watasema Sydney wanatuchezea, wakikosea wanarudia, sisi wengine tukikosea basi. Mnajua wanavyowasema." Alikuwa mtu mwema, na wema wake ulikuwa unamsumbua. "Mwalimu ni wa Bukavu kama wewe. Nipe nimuulize yeye. Akisema kwamba alipolisikia lile neno alielewa Sydney wamemwacha, nafuta sasa hivi, tunarudia kesho. Mgombea mwenyewe akisema, hata Melbourne hawana la kusema."

Généreuse aliuona mlango wa kutokea. Ulikuwa wazi, upana wa mtu mmoja.

* * *

Akamkuta kwenye roshani, amekata simu, anatazama barabarani. Clarisse alikuwa nyuma yake, amesimama mlangoni.

"Papa Clarisse, mwenyekiti anakuuliza kitu." Aliiweka simu juu ya ukingo, sauti ya nje.

"Mwalimu, hongera tena," alisema Gad. "Samahani kwa swali. Mama alipotamka 'tunamuachia', wewe, kwa Kiswahili cha kwenu, ulielewa nini?"

Balthazar aliitazama ile simu. Kisha akamtazama mkewe, na Généreuse naye akamtazama, hakukunja uso wala hakumsihi. Alimngoja tu, kama alivyomngoja siku zile za nyonga alipokuwa akijifunza kutembea, anasimama hatua chache mbele yake bila kunyoosha mikono, asije akamwegemea.

"Papa," alisema Clarisse.

"Wewe nenda ukasome."

"Mwalimu?" alisema Gad.

"Nilielewa kama mkutano ulivyoelewa," alisema Balthazar.

"Asante. Basi. Mama, umesikia?"

Alikuwa na la kusema. Lilikuwa tayari, na lilikuwa kweli: amedanganya huyu, alivua tai, mtoto alimwona. Lakini hilo lilikuwa la kusemwa na nani? Na mke, kwenye simu, kwa mtu wa Brisbane, binti yake akishuhudia. Akavuta pumzi kulitoa, na pumzi ikatoka peke yake.

"Nimesikia," alisema.

Gad aliwaombea baraka akakata.

Walisimama pale, nguo zikiwagusa mabega.

"Kwa hiyo Sydney mulinikataa," alisema Balthazar kwa sauti ndogo. "Nyote. Na wewe ulilala kando yangu ukijua."

"Ndiyo."

"Na nikakusomea hotuba."

"Ulinisomea."

"Basi tuko sawa."

"Hatuko sawa. Miye nilikuficha ili ubaki."

Alilegeza ukosi. "Hujui namna gani kuitwa Baz."

"Kazini miye naitwa Jenny."

"Wewe umezoea."

"Nani alikuambia nimezoea?"

Simu ya Balthazar ikaanza kuita, akaiacha iite kidogo, kwa adabu, kisha akaipokea.

* * *

Jumapili ibada ilikuwa kwenye kompyuta, kama Jumapili zote za wakati ule. Mchungaji, ambaye hakuwa mwanachama na hakujua kitu, alimshukuru Mungu kwa ajili ya mtumishi wake Balthazar na kwa ajili ya mkewe, mwanamke mwenye moyo wa kutoa. Watu wa Sydney wakaanza kuzima kamera. Hawakuondoka, majina yao yalibaki pale, meupe juu ya weusi, yakimsikiliza akisifiwa. Mama Chibalonza ndiye pekee aliyeendelea kuonekana. Alikuwa amekaa mbali na simu safari hii, mikono mapajani, na alipogundua Généreuse anamtazama aliitikia kwa kichwa.

Baadaye kukaja ujumbe kwenye kundi la wajumbe. Ulikuwa wa heshima. Ulisema kwamba kwa kuwa Mama Clarisse sasa atakuwa na majukumu ya familia ya mgombea, jimbo limeona apumzishwe uandishi. Chini yake watu wakaweka mikono ya kusali. Généreuse naye, kwa mazoea, akaweka.

Nyumba haikuwa na ugomvi. Majirani wangesikiliza ukutani wasipate kitu. Balthazar aliongea na Bukavu kutwa, akicheka kicheko cha zamani ambacho Clarisse hakukifahamu; mara ya kwanza aliposikia, aliinuka kwenda kuona ni nani aliyeingia. Généreuse alipika, akapakua, akamwekea kipande kikubwa kama kawaida. Akimwuliza kitu alijibu. Kulipoingia simu ya kutoka kule, alizima redio ili asikie vizuri. Usiku alisali magoti chini kama alivyozoea, ila alipofika kwenye jina la mumewe alilitaja na kuendelea mbele, bila kuliombea hili wala lile, kama mtu anayepita mbele ya nyumba aliyowahi kupanga.

Ghala la Villawood likaandika kwamba kuna zamu. Balthazar hakujibu.

* * *

Wafanyakazi wa nyumba za wazee waliotoka maeneo yaliyofungwa walitakiwa kupimwa kila baada ya siku chache ndipo waruhusiwe zamu. Généreuse hakuwa na leseni, kwa hiyo Balthazar alimpeleka. Foleni ya magari ilizunguka uwanja wa kriketi, ikisogea kidogo kidogo, kila mtu nyuma ya kioo chake.

Njia nzima Balthazar alikuwa na kidude cha simu sikioni. Kuna mtu wa Bukavu alikuwa anamweleza habari za mabango. Walitaka picha yake ya zamani, kabla ya mvi. "Ndiyo, mheshimiwa," alikuwa akisema. "Hapana, wewe ndiye mheshimiwa." Foleni ikasogea. Akasogeza gari kwa mkono mmoja.

Walipofika mbele alikata simu, akavaa barakoa, akazima injini na kushusha kioo cha upande wa mkewe. Muuguzi aliinama dirishani. Alikuwa mama wa Kizungu mnene, gauni la plastiki juu ya sweta, macho yamechoka juu ya barakoa. Alikuwa ameshampima Généreuse mara nyingi na alimwita Jenny.

"Same job, Jenny?"

"Same."

"Same address?"

"Same."

"Nyumbani mko wangapi?" aliuliza kwa Kiingereza chake cha haraka, kidole kikiwa tayari kwenye kioo cha tableti, kwa kuwa jibu alilijua, watatu.

"Wawili," alisema Généreuse.

Kidole kikasimama. Muuguzi akainama zaidi, akamtazama Balthazar kwenye usukani.

"Na yeye huyu?"

"Anasafiri."

"Hakuna anayesafiri siku hizi, love," alisema muuguzi, na akacheka kidogo, akidhani pengine ni Kiingereza ndicho kimekosewa. Alimtazama mwanaume amsahihishe mkewe.

Balthazar alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili, gari limezimwa. Kioo cha mbele kilikuwa kimeanza kupata ukungu. Alikuwa na la kusema, ilionekana kwenye barakoa, jinsi kitambaa kilivyoingia ndani mara moja kikarudi. Nyuma yao mtu alipiga honi.

Muuguzi akagusa tableti, akachana karatasi ya kijiti cha kupimia.

"Right. Open wide, darling."

Généreuse akashusha barakoa mpaka kidevuni, akafumba macho, akafungua mdomo.